Ada si gharama pekee

Mhariri,

Tangu ada ya shule za serikali ifutwe hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha kidato cha tano na sita mwaka 2022, tumezoea kumwita mtoto asiyefika shule mtoro. Lakini pita stendi jioni umwone wa darasa la sita na ndoo ya mayai ya kuchemsha, kachumbari kwenye kopo, akikimbilia madirisha ya mabasi. Faida yake ndiyo unga wa nyumbani. Kesho, akifika, atasinzia darasani, tena bila uji, maana mchango wa chakula haujalipwa (na fimbo ataila). Ili mtoto asibebe mzigo huo, halmashauri zinazotenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu zianze na mama wa watoto hawa.

Msomaji wako,
Morogoro