Uungwana Hauna Ukoo

Mwingereza analo neno moja, nobility, linalobeba mambo mawili: tabaka la mabwana waliorithi vyeo na ardhi, na utukufu wa moyo ambao hata maskini anaweza kuwa nao. Kiswahili kimeyatenganisha. Tabaka ni ukabaila, moyo ni uungwana. Utengano huu naona ni hazina, na anayempima mtu kwa kusema "katoka ukoo bora" anaturudisha tulikotoka. Maana tumetoka mbali. Katika pwani ya zamani muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa, hata awe na roho ya chatu. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana kwa ajili ya waungwana waliofuatana na misafara ya pembe. Sheria ilipofuta utumwa Tanganyika mwaka 1922, neno muungwana lilikosa mtumwa wa kujilinganisha naye, na kidogo kidogo likaelemea zaidi kwenye mwenendo. Kabaila, aliyekuwa mtu wa nasaba, akaenda upande wa pili: mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria, na mwaka 1967 Azimio la Arusha likauweka ukabaila pamoja na ubepari.

Wapo wasemao neno lililozaliwa kwenye utumwa halitakasiki. Hoja nzito, lakini neno ni mali ya wanaolitumia, na wanaolitumia leo wamelinyang'anya ukoo. Wengine wanahofia kwamba bila koo za kuheshimiwa adabu itapotea. Hao ningewarudisha Rufiji ya 1905. Akida alikuwa na cheo kutoka boma la Wajerumani, akasimamia pamba ya shuruti, akachukiwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mganga tu, bila kiti cha kurithi, na watu walimwendea kwa maelfu hadi Wajerumani walipomnyonga huko Mohoro mwezi Agosti. Heshima ilipatikana, na haikutoka kwenye nasaba.

Heshima ya namna hiyo haijakauka. Mpunga unapokomaa huko kwenye delta ya Rufiji, Kibiti, familia huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Mchana ni kuamia ndege, usiku ni kukesha kufukuza nguruwe. Mwenye dungu akiugua siku tatu tu, shamba limekwisha. Jirani anayeacha lake akaja kumpigia kelele ndege, huyo ndiye watu humwita muungwana, na hakuna anayeuliza kama babu yake alikuwa jumbe au mchukuzi wa boriti za mikoko.