Peru haiishii Machu Picchu

Mawakala wa safari wanasema, vipindi vya televisheni vinasema, na kila aliyerudi na picha anarudia: kwenda Peru ni kwenda Machu Picchu, mengine ni ya kujazia siku. Naipinga imani hii bila kumung'unya maneno. Inamnyima msafiri nchi nzima, inahatarisha afya yake, na inawaacha mamilioni ya Waperu wakisikia habari za utalii redioni huku fedha zake zikiishia bonde moja.

Peru ni kubwa kuliko Tanzania kwa zaidi ya theluthi moja. Pwani yake ya Pasifiki ni jangwa, katikati imepasuliwa na milima ya Andes yenye theluji, na karibu asilimia 60 ya ardhi yake ni msitu wa Amazon. Iquitos, mji mkubwa wa msitu huo, hauna barabara inayouunganisha na sehemu nyingine za nchi. Unafikiwa kwa ndege au kwa meli za mtoni. Nchi ya namna hiyo huwezi kuimaliza kwa kupanda mlima mmoja na kupiga picha.

Wengi huamini pia kwamba Machu Picchu ndiyo Peru ya kale. Si kweli. Ilijengwa katikati ya karne ya 15, zama za mtawala Pachacuti wa Wainka. Wakati huo jumba la Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani lilikuwa limetimiza zaidi ya miaka 100. Katika historia ndefu ya Peru, Wainka walikuja mwishoni kabisa, karibu na kufika kwa Wahispania. Anayetaka ukale aende Caral, kiasi cha kilomita 200 kaskazini mwa Lima, kwenye bonde la mto Supe. Huko kuna piramidi na viwanja vya mviringo vilivyochimbwa ardhini, kazi ya watu walioishi karibu miaka 5,000 iliyopita, wakati mmoja na wajenzi wa piramidi za Misri. Unaweza kwenda na kurudi Lima siku hiyohiyo. Wangapi hufanya hivyo? Wageni wengi hulala Lima usiku mmoja tu, na asubuhi wako uwanja wa ndege.

Endelea kaskazini hadi Trujillo. Hapo pana Chan Chan, mji mkuu wa Wachimu, mji mkubwa kuliko yote iliyojengwa kwa udongo usiochomwa katika mabara ya Amerika. Nje kidogo ya Trujillo kuna hekalu la Huaca de la Luna, ambalo kuta zake bado zina rangi nyekundu, nyeupe na njano zilizopakwa na Wamoche. Kwenye eneo la El Brujo amelazwa mwanamke wanayemwita Señora de Cao, aliyezikwa yapata mwaka 400 pamoja na marungu ya kiutawala, mikono yake ikiwa imechanjwa michoro ya nyoka na buibui. Ugunduzi wa kaburi lake ulipotangazwa mwaka 2006, waliokuwa wakiamini kwamba Wamoche walitawaliwa na wanaume peke yao walilazimika kufikiri upya. Zaidi ya hapo, Lambayeque, kuna dhahabu ya Señor de Sipán, mtawala wa Kimoche ambaye kaburi lake lilichimbwa na mwanaakiolojia Walter Alva mwaka 1987 baada ya wezi wa makaburi kuanza kulivamia eneo hilo. Mimi nasema bila kusita kwamba makumbusho ya Lambayeque yanatosha kuwa sababu ya kuvuka bahari.

Lakini kinachoniuma zaidi, mimi Mwafrika, ni pwani ya kusini. Peru ina watu zaidi ya 800,000 waliojitambulisha katika sensa ya 2017 kuwa na asili ya Afrika, na vipeperushi vingi vya safari haviwataji hata kwa sentensi moja. Mababu zao waliletwa kama watumwa kulima miwa na pamba, na hawakuachwa huru hadi mwaka 1854. Nenda Chincha, kwenye kitongoji cha El Carmen. Msimu wa Krismasi vijana hucheza kwa kugonga nyayo barabarani wakifuata fidla, ngoma iliyoingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2019. Huko utasikia pia cajón, sanduku la mbao ambalo mpigaji hulikalia na kulipiga kwa viganja. Ukiwa Lima mwezi Oktoba, utakuta umati wa watu waliovaa zambarau wakiifuata picha ya Kristo aitwaye Señor de los Milagros. Mchoro wa asili wa Kristo huyo ulichorwa ukutani mwaka 1651 na mtumwa kutoka Angola. Na Mtakatifu Martin de Porres, ambaye jina lake limepewa parokia zetu nyingi, alizaliwa na kufa Lima. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi aliyepewa uhuru. Kaburi lake liko katika konventi ya Santo Domingo, katikati ya mji. Mswahili anayepita Lima bila kufika hapo amepita mlangoni kwa ndugu bila kubisha hodi.

Sasa afya. Safari ya haraka ya Machu Picchu humtoa mtu Lima, usawa wa bahari, na kumshusha Cusco, mita 3,400, kwa ndege ya saa moja na kidogo. Kilimanjaro, ukipanda kwa njia ya Marangu, kibanda cha Mandara kiko mita 2,720, na unakifikia kwa miguu baada ya saa kadhaa huku mwongozaji akikuhimiza uende pole pole. Halafu tunashangaa mgeni wa Cusco akiamka na kichwa kinachogonga na tumbo linalokataa chakula! Machu Picchu yenyewe iko chini, kama mita 2,430; kinachoumiza ni haraka. Anza Arequipa, mita 2,300 hivi, ukae siku kadhaa, kisha upande. Au ukitua Cusco, teremka moja kwa moja ukalale Ollantaytambo. Pombe iache siku ya kwanza, na suala la dawa zungumza na daktari kabla ya kuondoka nyumbani.

Wapo watakaoniambia kwamba Cusco inaishi kwa magofu ya Machu Picchu, na kwamba ninawaharibia watu riziki. Hoja hiyo naijibu kwa kilichotokea Januari 2023. Maandamano ya kisiasa yalisimamisha treni, lango likafungwa, na mamia ya watalii wakakwama chini ya mlima. Aliyekuwa ameitundika safari yake yote kwenye reli ile moja alirudi mikono mitupu, na wenyeji waliotegemea reli hiyohiyo walilala njaa. Eneo lenye kikomo cha wageni 4,500 kwa siku, na 5,600 siku za msimu, haliwezi kubeba matumaini ya nchi nzima.

Sisemi usifike. Mawe yale yaliyochongwa yakashikamana bila chokaa yanastahili kuonwa. Yape siku moja: nunua tiketi ya serikali miezi kadhaa mapema kama unakwenda kati ya Mei na Septemba, ambapo milimani ni kiangazi, na ujue kwamba tiketi inakupangia saa na njia, na ukishatoka hurudi ndani. Siku nyingine wape Wamoche, wape Chincha, wape Lima yenyewe, ambako ceviche, samaki mbichi aliyeivishwa kwa ndimu na kutiwa pilipili, huliwa mchana akiwa bado na harufu ya bahari. Beba kadi ya homa ya manjano na jifunze Kihispania cha kuombea chakula na nauli.

Nanyi mawakala wa Nairobi na Dar es Salaam mnaouza Peru kwa siku tano, badilisheni ratiba zenu. Mteja anayelipa nauli ya kuvuka Atlantiki anastahili kuuziwa nchi nzima.