Shoku Badilisha Mwenyewe, Koili Peleka Gereji

Wacha niseme hivi, na mwenye atakasirika akasirike: kama una pikap na bado unalipa fundi akubadilishie shoku za nyuma, hiyo doo unaitupa. Lakini kama unapanga kutoa koili ya mbele na spana mbili na nguvu za kifua, wewe nawe unatafuta kaburi. Shida ni kwamba watu huona ni kazi moja kwa sababu ziko kwa gari moja.

Naongea na vijana wa biashara. Umechukua pikap kwa mkopo, unabeba viazi kutoka Njabini hadi Marikiti, magunia yamepita kipimo, na zile barabara za shambani unazijua. Shoku zitakufa tu. Ukipita tuta gari inaendelea kudunda kama boti, shoku imelowa mafuta, tairi inaisha kwa viraka. Na si mambo ya starehe. Shoku ndiyo inashikisha tairi barabarani. Ikichoka, unafunga breki na tairi inarukaruka, gari inasimama mbele ya pale ulidhani itasimama. Ukiwa na tani moja nyuma na mtoto anavuka, hizo mita chache ndizo kila kitu.

Sasa, nyuma ya pikap nyingi mzigo unabebwa na springi, zile za vyuma bapa vilivyopangana. Shoku kazi yake ni kutuliza kudunda tu. Ukiitoa, gari haianguki. Ni bolti moja juu, moja chini. Usiku kabla ya kazi, mwagia hizo bolti mafuta ya kulegeza kutu ulale. Asubuhi weka mawe mbele na nyuma ya tairi, toa ya zamani, funga mpya, hamia upande ule mwingine. Usibadilishe moja pekee. Pikap iliyoinuka hata jeki huihitaji. Na kama ni lazima uinue, weka stendi za chuma, manze, si matofali. Tofali hupasuka bila kukuonya.

Kuna kitu mafundi wa haraka huruka hapa. Shoku ina bushi za mpira. Ukikaza bolti kabisa gari ikiwa imening'inia hewani, ikishuka ule mpira unabaki umejikunja siku nzima, na utararuka mapema. Kaza mara ya mwisho gari ikiwa imesimama kwa tairi zake. Inachukua dakika mbili. Fundi mwenye magari sita kwa foleni hana hizo dakika, wewe unazo.

Mbele ni hadithi nyingine. Koili ya mbele imekandamizwa kwa nguvu ya kubeba gari, na ukifungua nati ya juu bila vifaa vyake, inatoka kama risasi. Nimeona watu wakiifunga na waya. Waya! Bushi za mikono ya mbele nazo zinataka presi, na ukigusa boljointi au tairodi lazima gari ipelekwe kwa mashine ya kunyoosha magurudumu, la sivyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja kabla mkopo uishe.

Najua mtasema fundi pia ana watoto. Kweli, ndio maana mlipe kwa kile anacho na wewe huna: presi, kibano cha koili, miaka ya mazoea. Usimlipe kwa kukaza bolti mbili. Na hata ukienda gereji, enda Kirinyaga Road ununue spea mwenyewe. Shoku ivute na uibonyeze hapo hapo dukani. Ikiteleza bila kukaza, rudisha, hata kama rangi yake inang'aa. Hasa kama inang'aa sana. Kisha simama hapo kazi ikifanywa, na uitishe zile za zamani urudi nazo nyumbani.

Kitu cha mwisho, kwa wale wataamua kushusha hizo springi za nyuma na rafiki mwenye mikono: zile bolti za umbo la U zikishatoka usizirudishe, zimeshavutika. Nunua mpya, na baada ya safari mbili tatu na mzigo uzikaze tena. Hakuna mtu wa gereji atakupigia simu kukukumbusha hiyo.