Karte ya benki ya Kisangani isikwame Kampala

Kwa wakaaji wengi wa Kapalata, safari ya nje ya nchi bado inaanza kwa sindano na uzi. Dola zinapangwa, zinafungwa katika plastiki, zinashonwa ndani ya nguo au katika mkanda wa kiunoni. Mfanyabiashara anayefuata bidhaa Kampala hufanya hivyo. Familia inayopeleka mgonjwa kutibiwa Uganda hufanya hivyo pia, na pesa ile mara nyingi imetoka kwa ndugu kumi, kwa likelemba na kwa kiwanja kilichouzwa haraka.

Hakuna anayefanya hivyo kwa kupenda. Anayetoka Kisangani kwa barabara kuelekea Kasindi hupitia Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda kabla ya kufika Beni, na sehemu za njia hiyo zimekwisha kumwaga damu ya abiria mara nyingi. Vizuizi ni vingi, na kila kizuizi kina mtu anayetaka kujua kilichomo katika mfuko. Noti yenyewe nayo ina mambo yake: dola iliyopasuka kidogo pembeni au ya toleo la zamani hukataliwa na kambisti wa Kisangani, na huko Kampala hubadilishwa kwa bei ya chini. Tena kanuni za fedha za Congo haziruhusu msafiri kuvuka mpaka na taslimu inayozidi dola 10,000.

Karte ya benki ilipaswa kumaliza sehemu kubwa ya hofu hiyo. Benki kadhaa zenye ofisi Kisangani hutoa karte za Visa au Mastercard, na alama hizo zinakubaliwa Kampala, Nairobi, Dubai na kwingineko. Mteja hulipa ili aipate, huipokea katika bahasha pamoja na namba ya siri, hutia saini, huenda nyumbani. Shida ni kwamba mara nyingi hakuna anayemweleza karte hiyo itafanya nini siku atakapokuwa mbali na gishe aliyoizoea. Atajifunza mbele ya mashine, katika mji asioujua, nyuma yake foleni ikinung'unika.

Gharama ndiyo jambo la kwanza linalofichika. Mashine ya Kampala haitoi dola za Kisangani. Kwa kawaida inatoa shilingi za Uganda, na noti kubwa kuliko zote ni ya shilingi 50,000. Mtu anayehitaji dola 2,000, dola moja ikihesabiwa shilingi 3,600, anatafuta shilingi 7,200,000, yaani noti 144. Mashine haitatoa zote kwa mara moja. Atarudia mara tatu, nne, labda zaidi, na kila mara benki yenye mashine inaweza kukata chake, benki ya Kisangani ikakata chake, na bei ya kubadilisha pesa ikala sehemu nyingine. Juu ya hayo kuna kikomo cha kila siku ambacho mteja hakuwahi kukisikia. Hospitali ikidai malipo ya kwanza leo, kikomo hicho si jambo dogo la kiufundi.

Dubai hesabu ni rahisi zaidi kuifuatilia. Dirham ya Emirati imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja ni dirham 3.6725. Kwa hiyo dirham 1,000 ni kama dola 272. Mfanyabiashara akitoa dirham 1,000 kisha akaona akaunti yake imepungua dola 290, ajue kwamba dola 18 zimekwenda katika gharama na ubadilishaji. Pengine zimekatwa kihalali kabisa, kwa ukurasa fulani wa mkataba ulioandikwa Kifaransa kwa herufi ndogo. Lakini mtu aliyelipa ana haki ya kujua kabla ya kulipa.

Kuna pia swali lile ambalo mashine nyingi za ugenini huuliza: unataka tuhesabu kwa pesa ya hapa au kwa pesa ya akaunti yako? Mwenye akaunti ya dola huona neno dola akafurahi, akabonyeza. Mara nyingi hapo ndipo anapopoteza, kwa sababu amekubali bei iliyopangwa na mwenye mashine, na bei hiyo kwa kawaida ni mbaya kuliko ile ya mtandao wa karte. Jibu ni kuchagua pesa ya nchi aliyomo: shilingi Uganda, dirham Dubai, yuan China. Mfanyakazi wa gishe angelisema hilo kwa nusu dakika.

Jambo linalowakwamisha watu zaidi, hata hivyo, ni simu. Malipo mengi ya intaneti, kwa mfano tiketi ya ndege au chumba cha hoteli, hayakamiliki mpaka benki itume namba ya uhakikisho kwa ujumbe mfupi. Ujumbe huo unakwenda kwenye laini ya Congo. Msafiri akifika Entebbe, anatoa laini hiyo na kuweka ya Uganda ili apige simu kwa bei nafuu, na laini ya nyumbani inalala ndani ya pochi. Au ameiacha ndani ya simu lakini hakuwahi kufungua huduma ya kuitumia nje ya nchi. Pesa ipo, karte ipo, mwenye karte yupo, lakini namba haifiki.

Basi apige simu benki. Saa ngapi? Mtu aliye Guangzhou yuko saa sita mbele ya Kisangani: gishe ikifunguliwa saa mbili asubuhi, kwake ni saa nane mchana. Karte ikimezwa na mashine Ijumaa jioni, atasubiri hadi Jumatatu, na benki ya kigeni yenye mashine hiyo mara nyingi haimrudishii karte mtu asiye mteja wake.

Wakaaji wa Goma na Bukavu wamejifunza uzito wa jambo hili kwa njia ngumu kuliko wote. M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango. Watu wenye pesa halali katika akaunti zao walishindwa kununua unga. Wa Goma waliweza kuvuka hadi Gisenyi ili kutafuta pesa, na pale tofauti ilionekana mara moja kati ya mwenye karte inayokubaliwa upande wa pili na yule ambaye akaunti yake ilifunguliwa kwa gishe peke yake. Kisangani haikuwa katika hali hiyo, lakini haiko mbali nayo kiasi cha kujidai.

Wakuu wa benki wana hoja yao, na si hoja ya uongo. Wizi wa karte upo. Oktoba 2022, GAFI, shirika la kimataifa linalofuatilia utakatishaji wa fedha, liliiweka Congo katika orodha ya nchi za kuangaliwa kwa karibu. Benki inayoona karte ya Kisangani ikitoa pesa ghafla Dubai usiku ina sababu ya kuizuia kwanza na kuuliza baadaye. Ni sawa. Ila kuzuia bila kumwachia mteja namba ya simu inayojibiwa usiku huohuo ni kumlinda mtu kwa kumfungia nje ya nyumba yake.

Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huohuo KCB ya Kenya ilinunua asilimia 85 ya TMB. Equity, ya Kenya pia, ilikuwa tayari imeiunganisha BCDC na benki yake ya Congo. Kwa hiyo msafiri wa Kisangani anaweza kukuta Kampala au Nairobi bango la kundi lilelile lenye akaunti yake, akadhani amefika nyumbani. Jina moja mlangoni halimaanishi akaunti moja: kila nchi ina kampuni yake, leseni yake na benki kuu inayoisimamia. Kile ambacho mteja wa Congo anaweza kufanyiwa kwenye gishe ya Nairobi, na kile asichoweza, kiandikwe wazi na kibandikwe ukutani Makiso, ili aulize kabla ya kununua tiketi.

Benki Kuu ya Congo ina uwezo wa kudai hayo. Karatasi moja, kwa Kiswahili na Lingala pamoja na Kifaransa, apewe kila anayechukua karte: gharama ya kutoa pesa nje, kikomo cha siku, tarehe karte inapokwisha, namba ya kupiga usiku, na njia ya kupata namba ya uhakikisho bila laini ya Congo. Hilo halihitaji mashine mpya wala sheria mpya ya bunge.

Wakati huo karatasi haijafika, anayetoka Kapalata aijaribu karte yake kwanza kwenye mashine ya Makiso, aitaarifu benki nchi anazokwenda na tarehe, afungue huduma ya laini yake kufanya kazi nje, na asiweke namba ya siri na karte katika mfuko mmoja. Na abebe dola kidogo, noti safi, za kutosha siku tatu: siku ya Ijumaa karte inapokwama, na siku mbili za kungojea gishe ya Kisangani ifunguliwe.