Neno la Kuombana Radhi

Kila mwaka, Agosti au Septemba, Wajaini wa Nakuru humaliza siku nane za Paryushan kwa kuambiana "Micchami dukkadam", yaani, ubaya nilioutenda na ubatilike. Wengi wao ni Waoshwal, ambao wazee wao walitoka vijiji vya Jamnagar, Gujarat.

Neno hilo ni la Kiprakriti, lugha ya watu wa kawaida katika India ya kale. Kisanskriti, lugha ya wanazuoni, husema "mithya me dushkritam". Vinywa vya raia vikalilainisha. Kwa Kigujarati husemwa pia "khamat khamna", na Wajaini wa madhehebu ya Digambara husema "uttam kshama". Maneno mbalimbali, nia moja.

Sisi tuna "samahani", neno lenye asili ya Kiarabu, nasi hulitoa upesi tukimkanyaga mtu mguu. Lakini baada ya damu iliyomwagika Nakuru na Naivasha Januari 2008, ni majirani wangapi walioombana radhi uso kwa uso? Tusingoje tume wala baraza. Uungwana ni vitendo, na kitendo cha kwanza ni kubisha hodi kwa jirani.