Na Zamu Yake Itafika Lini?

Katika hitima ya mwezi uliopita, baada ya pilau na kabla ya majamvi kukunjwa, mzee wetu mmoja tunayemheshimu sana alisimama akatusema. Alisema sisi tuliokuja huku tumeshakuwa Wazungu. Alisema watu wanakimbilia vyuo na mvi kichwani, kutwa ni "ndoto yangu, ndoto yangu", na nyumbani ndugu zao wanahangaika. Wengi ukumbini waliitikia. Sisi tulikuwa jikoni tukiosha masufuria, na tulinyamaza kwa sababu hitima si mahali pa kujibizana. Leo tunajibu. Shikamoo, Mzee wetu, na utuwie radhi kwa yatakayokuchoma.

Kwanza, hakuna hata mmoja wetu anayesema wazazi waachwe. Tumebeba maboksi, tumefagia ofisi alfajiri, tumewageuza vitandani wazee wa watu usiku kucha ilhali wazee wetu wakigeuzwa na majirani. Zamani tulipanga foleni kutuma pesa, siku hizi foleni imeingia ndani ya simu, lakini pesa haikukoma. Kenya peke yake, kwa hesabu za Benki Kuu yake, ilipokea zaidi ya dola bilioni 4 kutoka kwa watu wake walio nje mwaka 2023. Hizo si pesa za watu waliosahau kwao. Kwa hiyo tuache kuulizana nani anapenda ndugu na nani hapendi.

Mzee hakutaja jina, ila ukumbi mzima ulijua anamsema nani. Mwenzetu huyo alifika Uingereza mwaka 2003 kwa viza ya mwanafunzi. Tikiti ilitokana na shamba la minazi la mama yake, kule Tanga. Lile shamba ameshalikomboa, tena kwa bei ya juu kuliko lilivyouzwa. Anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na tangu tumjue anataka jambo moja tu, kuwa mkunga. Tangu apate makaratasi ya kuishi moja kwa moja amepata nafasi chuoni mara tatu, na mara tatu ameandika barua ya kuomba radhi.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2012, baba yake alipohitaji kupasuliwa. Hapo hatuna neno. Angekwenda chuoni siku ile, sisi wenyewe tungemsema. Mara ya pili, mwaka 2014, ilikuwa ada ya mdogo wake. Hapo pia tunaweza kukubaliana, ingawa kulikuwa na kaka wawili wenye kazi ambao hakuna aliyewauliza kitu. Mara ya tatu, mwaka 2016, ilikuwa harusi. Wala si yake, ni ya binamu. Kamati ilikuwa imeshakaa, ukumbi wa watu mia sita umeshawekewa malipo ya awali, na jina lake limeshaandikwa mbele ya kiasi ambacho hakuulizwa. Masomo ya ukunga ni miaka mitatu ya kushinda darasani na wodini. Asingeweza kushika usiku wote aliokuwa akiushika, na pesa ya kutuma ingepungua. Akasema, "Mwakani."

Tunaomba Mzee wetu alipime neno hilo "mwakani" kwa fedha, maana labda kwa fedha litaeleweka. Hapa England serikali ilikuwa ikiwalipia ada wanafunzi wa uuguzi na ukunga, pamoja na posho. Walioanza masomo kuanzia Agosti 2017 wakaambiwa wakope wenyewe, pauni 9,250 kwa mwaka. Mwenzetu alikosa mlango uliokuwa wazi kwa sababu ya sherehe ya siku moja. Harusi ilifana, video tumeiona. Ndoa haikumaliza miaka miwili. Yeye ana miaka 46.

Sasa tujiseme na sisi, maana hapa hatuna pa kujificha. Yule mdogo wake leo ana maduka mawili, na bado kila Januari hutuma ujumbe wa ada za watoto wake. Si mwizi. Hajui. Nani amwambie? Picha anazoziona ni za koti refu mbele ya duka ambalo hatujawahi kununua hata soksi. Tukienda likizo tunakopa ili tukagawe. Tulipokuwa tukilala wanne chumba kimoja, na mmoja akiamka mwingine analala palepale penye joto lake, tulisema kwenye simu, "Huku mambo mazuri." Tumejenga uongo kwa mikono yetu halafu tunalalamika kwamba watu wameuamini. Anayekiona kisima hakikauki ataacha vipi kuchota?

Lakini Mzee alisema hii ni mila. Ipi? Mwalimu Nyerere, mwenye Ujamaa wake, katika andiko lake la mwaka 1962 aliikumbusha methali tuliyokua nayo sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alitaka ieleweke kwamba katika jamii ya wazee wetu kila mtu alikuwa mfanyakazi, na ukarimu haukuwa ruhusa ya kukaa bure. Ikiwa mgeni alipewa siku mbili, mpwa mwenye miaka thelathini na afya zake tumpe miaka mingapi? Hata Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na wakuu wa nchi zetu wenyewe, unamwagiza mtu katika kifungu cha 29 awaheshimu wazazi wake siku zote na awatunze wanapokuwa na haja. Wazazi, tena wakiwa na haja. Kadi ya harusi ya binamu hatukuiona humo. Kifungu cha 17 tulikiona, nacho kinampa kila mtu haki ya elimu.

Na hata bila mikataba, mbona sisi wanawake tunacheza mchezo, tena wengine tangu kwa bibi zetu? Kila mwezi kila mtu anatia, na kila mwezi mmoja anapokea. Mchezo ambao mtu mmoja anatia miaka ishirini na jina lake halitokei, mama zetu wangeuita wizi bila kupepesa macho. Ndani ya familia tunauita wema.

Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, ukumbi huuhuu ulishangilia. Mzee wetu alikuwa wa kwanza kusema "mwenzetu". Kijana aliyeondoka Zanzibar miaka ya mwisho ya 1960, akafanya kazi hospitalini huku akisoma, akaweza kurudi kwao mwaka 1984 tu, na riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1987. Hatujui angeitwaje katika hitima za miaka ile, mtu wa kukaa na makaratasi usiku. Tunachojua ni kwamba ndoto ya mtu ikishazaa tunaigawana wote, na ikiwa bado mimba tunaiita ubinafsi.

Mwezi huu mchezo wetu umeanza duru mpya, na tumekubaliana jina lake litoke kwanza. Jumapili iliyopita alikaa nasi akapiga simu nyumbani, akawaambia kila kitu: mshahara, kodi ya nyumba, na kwamba dawa za mama zitaendelea kama kawaida, ila ada na michango vinasimama kwa miaka mitatu. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama wakunga wa huko huvaa nyeupe. Mdogo wake alikata simu.

Nafasi chuoni anayo, ya Septemba. Kadi ya mchango wa harusi ya Agosti nayo imeshafika, na katika orodha ya kamati ya tawi la Uingereza tumeliona jina lako, Mzee wetu. Tunakuomba usimpigie.