Andikeni kanuni ya sare kabla ya filimbi

Jumapili ya mwisho ya Ligi Kuu ya Uingereza, mechi zote 10 huanza saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Kuanzia Kapsoit hadi Sotik, huku kwetu kwenye majani chai, vibanda vya kuonyesha mpira hujaa watu wenye simu mkononi, jicho moja kwenye runinga na jingine kwenye fantasi, mchezo wa simu ambao kila mtu hupanga timu yake na kupata pointi kutokana na wanavyocheza wanasoka halisi. Wengi wao hawasubiri kujua nani amechukua kombe la Uingereza. Wanasubiri kujua nani atachukua mchango wa kundi.

Chukua kundi la watu 20. Mwezi Agosti kila mmoja alimtumia mweka hazina shilingi 500 kwa M-Pesa, jumla shilingi 10,000. Mwezi Mei wawili wanamaliza kileleni wakiwa na pointi sawasawa. Simu mbili zinawekwa mezani kando ya vikombe vya chai. Pointi ni zilezile, ila jina moja limetangulia jingine. Aliye juu anasema ameshinda. Aliye chini anasema pesa zigawanywe. Mweka hazina ni binamu ya mmoja wao, na kundi zima linamtazama. Lolote atakalosema, kuna mtu atalala na kinyongo.

Msimamo wetu ni huu: kundi lolote linalochanga pesa liandike kanuni ya sare kabla ya mechi ya kwanza, na kila anayetuma mchango awe ameisoma na kuikubali.

Mchezo wenyewe una kanuni zake, lakini wengi huzijua wakati ugomvi umeshaanza. Katika ligi ya kawaida ya fantasi, wawili wakilingana pointi, anatangulia aliyefanya uhamisho mchache zaidi msimu mzima, bila kuhesabu ule uliofanywa kwa kadi maalumu za Wildcard na Free Hit. Katika ligi ya ana kwa ana, sare ni sare: kila mmoja anapata pointi 1. Katika mechi za kombe huangaliwa mabao ya kufunga wiki hiyo, kisha mabao ya kufungwa, na mwisho kompyuta hurusha shilingi. Na wanasoka wawili wakilingana kileleni katika hesabu ya bonasi ya mechi, wote hupewa 3, na anayefuata hupata 1. Yaani mchezo huohuo mahali pengine unatenganisha, mahali pengine unagawa. Kundi lisiposema linafuata njia ipi, kila mtu atachagua inayomfaa.

Wapo wanaosema kanuni ya uhamisho mchache inamzawadia aliyesahau timu yake tangu Januari. Hoja hiyo ina uzito, na kundi lina haki ya kuchagua kanuni nyingine. Lakini hoja hiyo iletwe Agosti. Ikiletwa Mei, pesa zikiwa mezani, hakuna atakayeamini kwamba inatetea haki.

Soka lenyewe limetufundisha. Katika Kombe la Afrika la 2019, Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya Kenya, walimaliza kundi lao na pointi 3, sawa na DR Congo, Benin na Afrika Kusini katika nafasi ya tatu ya makundi yao. Wenzetu watatu walisonga mbele, sisi tukarudi nyumbani kwa tofauti ya mabao. Iliuma, lakini kanuni ilijulikana kabla ya mpira kupigwa. Katika kombe hilohilo mwaka 2015, Guinea na Mali walitoka sare ya 1-1 katika mechi zao zote tatu za kundi, wakalingana kwa kila kitu. Kura ya bahati nasibu ikapigwa mjini Malabo, Guinea ikapita. Kura ni njia chungu, lakini iliandikwa mapema, na Mali wakafungasha mizigo.

Nasi watu wa majani chai tunalijua hili kazini. Mchumaji wa Litein au Mogogosiek anajua kabla ya kubeba kikapu kwamba kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Hakuna karani anayeweza kubadilisha kipimo hicho mzigo ukiwa tayari kwenye mizani. Kina mama wa chama nao huandika faini ya kuchelewa kabla ya mchango wa kwanza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pendekezo letu ni rahisi. Zawadi ya wiki igawanywe sawa kwa waliolingana. Ubingwa wa msimu ufuate kanuni ya mchezo, kwa sababu kila mtu anaweza kuihakiki kwenye simu yake. Lakini walioshika nafasi ya kwanza na ya pili wakiwa wamelingana pointi, pesa zao zijumlishwe na kugawanywa nusu kwa nusu. Kama wa kwanza alitengewa 6,000, wa pili 3,000 na wa tatu 1,000, basi waliolingana kileleni wachukue 4,500 kila mmoja, na wa tatu abaki na yake. Malipo yasubiri hadi pointi za bonasi zithibitishwe. Na mweka hazina ambaye naye ana timu asiamue kesi peke yake. Wachaguliwe wawili wa kusimama naye.

Sentensi hizi chache zinatosha. Zibandikwe juu kabisa ya kundi la WhatsApp, ili kesi ya shilingi 10,000 isifike kwa wazee wala kwa chifu.

Msimu mpya huanza Agosti. Kabla hujatuma shilingi 500 zako, uliza: tukilingana, itakuwaje? Kama hakuna jibu lililoandikwa, usitume.